Betri ya Pili

Gereji, Karatu
3 Machi 2001

Mpendwa binti yangu Angelina,

Salamu nyingi sana, mama. Sisi huku hatujambo. Mama yako ni mzima ila magoti yanamsumbua kila mawingu yakijikusanya, na mwaka huu yamejikusanya mapema. Sijui wewe huko Arusha na kifua chako. Uvae sweta, usijifanye wa mjini.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu, maana unajua mimi na kalamu si marafiki. Lile gari parokia ililoahidiwa na wafadhili limefika! Jipya kabisa, bado lina nailoni kwenye viti. Lakini usifikirie Land Rover. Ni kigari kifupi, dereva na abiria wanakaa bega kwa bega, nyuma kuna kijikaroli cha kulaza mgonjwa. Hakina milango, hakina kioo, magurudumu mapana yenye meno. Watoto wameshakiita Punda. Qamara ndiye atakayeliendesha, unamkumbuka, yule mrefu aliyekuwa akiendesha trekta la misheni. Amelishusha mpaka Baray na kurudi Kansay kupitia njia ambayo hata ng'ombe wanaifikiria mara mbili.

Padri Remigius amenikabidhi mimi kazi ya kulifunga vifaa. Si mwingine, mimi. Na kila kundi limetoa chake: mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini spotilaiti nne, akina mama wa jumuiya king'ora na taa ya kuzunguka, wazee ngao ya mbele na winchi ya kujivuta likikwama, kwaya amplifaya na spika mbili za kuhubiria. Na jimbo linatoa redio ya upepo, ya kuitana na kituo chenu, ambayo wameniambia utaituma wewe. Nimefurahi sana. Baba anafunga, mwana anajibu! Basi iagize upesi, litabarikiwa Jumapili inayofuata Pasaka.

Ni mimi baba yako,
Josephati

*

Kituo cha Redio, Arusha
9 Machi 2001

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma nikicheka mpaka mwenzangu wa zamu akaniuliza nina nini. Kifua changu hakijambo. Mwambie mama shikamoo, dawa ya magoti ninaiweka humu kwenye boksi.

Redio inakuja na basi la Jumatatu, pamoja na antena na betri mbili za magari. Moja ni akiba ya Padri. Nyingine, baba, ni ya redio peke yake, na hii nakuomba unisikilize. Nimesoma kile kitabu cha gari walichotuletea nakala. Injini yake ni ndogo na mtambo wake wa kuchaji ni mdogo, haufiki hata nusu ya ule wa Land Rover. Spotilaiti nne tu zinaumaliza. Ukiongeza winchi, king'ora na hiyo amplifaya, betri yake itakuwa inatoa zaidi ya inavyoingiza. Na gia zake ni za mkanda, hivyo halisukumwi likawaka. Likizima limezima.

Kwa hiyo betri ya redio ikae chini ya kiti cha abiria, na waya wake, na fyuzi yake, isiguswe na kifaa kingine. Gari likifa kabisa, dereva bado aweze kutuambia yuko wapi. Kazi ya redio ndiyo hiyo.

Usiseme nakufundisha. Wewe ndiye uliyeniambia nikikushikia tochi chini ya magari, kwamba kila waya una haki ya fyuzi yake.

Binti yako,
Angelina

*

Gereji, Karatu
24 Machi 2001

Binti yangu Angelina,

Marahaba. Sisi wazima, mvua imeshuka sawasawa, mahindi yamefika magotini. Mama yako anashukuru kwa dawa.

Kazi imekwisha! Ungeliona Punda sasa ungesema ni gari la rais. Nimepitisha waya zote ndani ya mpira, swichi zimejipanga mbele ya dereva kama vifungo vya shati. Na siku ile ya kupima redio, mama yangu, sitaisahau. Nikabonyeza, nikaita kituo chako kwa jina mlilompa Punda, "Besi, besi, hapa Namba Saba." Ukajibu, "Namba Saba nakupata vizuri, nani anaita?" Sauti yako hiyo hiyo, kama uko kwenye boneti! Nikasahau maneno yote, nikasema, "Ni baba yako." Gereji nzima ikacheka. Na wewe hukucheka, ukasema, "Namba Saba, taja jina lako kamili." Nikataja, Josephati Tluway. Ukasema nimeandikwa. Nimemsimulia kila mtu, mpaka muuza nyama. Mwanangu hana mchezo na kazi.

Kuhusu betri ya redio, usiwe na wasiwasi. Pale chini ya kiti nimeweka amplifaya ya kwaya, maana mwenyekiti wao alisimama juu yangu akasema kifaa chao kisipoonekana siku ya baraka kutakuwa na maneno. Redio nimeiunga kwenye betri kubwa pamoja na wenzake. Inafanya kazi, si ulisikia mwenyewe? Ile betri nyingine nimeipeleka nyumbani Kansay. Betri ikilala bure inakufa, unajua hilo. Nimeiunga kwenye ile televisheni ndogo, mama yako sasa anaangalia taarifa ya habari kama bibi wa mjini, na majirani wanajaa sebuleni. Amefurahi mno. Nikipata nafasi nitatengeneza kisanduku nyuma ya ngao niirudishe.

Wewe usihangaike na vitabu. Nina miaka thelathini kwenye waya.

Baba yako,
Josephati

*

Arusha
29 Machi 2001

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo.

Nimefurahi kwa ajili ya mama, kweli. Lakini naomba uirudishe ile betri kabla ya siku ya baraka. Usisubiri kisanduku. Ifunge hata kwa mpira wa baiskeli. Amplifaya ikae kanisani, watu wakanung'unike huko huko. Televisheni nitamnunulia mama betri nikipata mshahara wa mwezi wa tano, naahidi.

Na siku hiyo wasiwashe vitu vyote injini ikiwa imezimwa. Mwambie Padri. Kama unaona haya kumwambia, nitamwambia mimi kwenye redio.

Nijibu, baba, hata mstari mmoja.

Binti yako,
Angelina

*

Arusha
24 Aprili 2001

Baba,

Shikamoo. Sijui kama mu wazima na sijui niulize nini kwanza.

Jumapili nilikuwa zamu. Nakuandikia kama nilivyoandika kwenye daftari la redio. Saa tisa na dakika arobaini alasiri, Namba Saba aliita. Sauti ilikuwa chini, taa ya redio yake bila shaka ilikuwa inapepesa. Alisema, "Besi, nina mgonjwa wa uzazi kutoka Baray, winchi imekata, injini imezima, nimekwama kwenye korongo la." Hapo pakakatika. Hakumalizia. Nilimwita saa nzima, baba. Nilimwita mpaka mwenzangu akaninyang'anya maiki.

Nikampata Padri kwenye redio ya nyumbani kwake. Nikamwambia korongo, akaniuliza lipi, nikasema sijui. Yako matatu kwenye njia ile. Land Rover ikaenda la kwanza, ikarudi, ikaenda la pili. Walipofika la tatu ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili. Mtoto alikuwa hai, Qamara amemfunga kwa shati lake. Mama yake mtoto alishatoka damu yote.

Ni Margareth. Unamjua. Tulikaa dawati moja Kansay mpaka darasa la saba, alikuwa akinisuka nywele kwenye ngazi za nyumba yetu. Kabla ya siku ya baraka nilimtumia kanga kwa ajili ya mtoto.

Padri ananiambia kwenye ibada mliwasha kila kitu, spotilaiti nne juani, king'ora, spika, muda wa saa mbili za hotuba, na injini mkaizima kwa sababu ilikuwa inapiga kelele. Anasema Punda hakuwaka tena mpaka mlipomuunganisha na betri ya Land Rover. Na hapo hapo akatumwa Baray.

Sasa nakuuliza jambo moja. Ile betri niliyokuandikia mwezi wa tatu, uliirudisha?

Angelina

*

Kansay
6 Mei 2001

Binti yangu Angelina,

Marahaba. Sisi tuna uzima, ingawa si wa kufurahia. Tumemzika Margareth Alhamisi ile, mvua ikinyesha. Mtoto yuko kwa bibi yake, ananyonya maziwa ya ng'ombe.

Barua yako ya mwezi wa tatu sikuipata. Posta yetu unaijua.

Jumatano halmashauri ya parokia ilikaa. Niliitwa kama fundi. Nilieleza kwamba Qamara alivuta winchi bila kukanyaga mafuta, ndiyo maana betri ikaisha, na hilo ni kweli, alivuta vibaya. Wakaniuliza betri ya redio iko wapi, maana Padri alikumbuka ziliandikwa mbili. Nikasema moja ilifika imepasuka. Wamemwachisha Qamara kazi. Ndugu zake Margareth hawampi mkono.

Naona umeshaanza kukunja uso. Sikiliza. Qamara bado ana nguvu, trekta la kuendesha halikosekani. Mimi nina miaka hamsini na sita. Siku nikisema kosa ni langu, kuna dereva wa Karatu atakayeniachia ufunguo tena? Na mama yako atatembeaje sokoni, akijulikana alikuwa anaangalia televisheni kwa betri hiyo? Yeye hajui. Usimuue na yeye.

Ile barua yangu ya tarehe 24 Machi naomba uichome. Nakuomba kama baba.

Baba yako anayekupenda,
Josephati

*

Arusha
12 Mei 2001

Baba yangu,

Shikamoo.

Kondakta wa basi aliniambia alikukabidhi barua yangu mkononi tarehe 31 Machi, gerejini, na ulimpa parachichi mbili. Sikuwa nimemuuliza. Alikuwa anakusifu.

Qamara alikuja hapa juzi. Amesafiri mpaka Arusha kuniuliza swali moja, kama nilimsikia alipotaja jina la korongo. Anasema alilitaja mara tatu. Nikamwambia sikusikia. Akasema basi, asante dada, akakaa kwenye benchi nje akalia, mtu mzima yule, huku akiniomba radhi kwa kulia. Ana shati moja. Lile alilomfunga mtoto, Margareth amezikwa nalo, anasema, walimfunika uso.

Na wewe unaniambia trekta halikosekani!

Baba, nakupenda. Nimekuandikia hilo waziwazi ili usije ukasema sikusema. Kila ninachokijua cha kazi hii ulinifundisha wewe, ukiwa umelala mgongo kwenye mafuta machafu, ukiniambia fundi anayeficha kosa lake amemfungia mwenzake moto. Ulimaanisha au ulikuwa unapitisha muda?

Barua sijaichoma. Nakupa mpaka Pentekoste. Nenda kwa Padri mwenyewe, kwa miguu yako, ueleze. Nitakuja tukae pamoja siku hiyo, nitakushika mkono mbele ya halmashauri nzima, wakikucheka watanicheka na mimi. Mama nitamweleza mimi. Usipokwenda, barua itakwenda.

Usininyamazie, tafadhali. Nimeshanyamaziwa na redio.

Binti yako,
Angelina

*

Arusha
5 Juni 2001

Baba,

Shikamoo. Pentekoste imepita. Nilikaa na begi limefungwa tangu Ijumaa, nikisubiri neno lako ili nipande basi.

Leo asubuhi nimempa Sista anayekuja huko barua yako ya tarehe 24 Machi pamoja na ukurasa wa daftari la redio, ampelekee Padri Remigius. Nimeandika na mimi kwamba nilijua tangu mwezi wa tatu betri haikuwepo, na kwamba niliahidi kumwambia Padri kwenye redio nikaona haya kukuaibisha, sikumwambia. Hilo ni la kwangu, nalibeba mwenyewe.

Nisamehe ukiweza.

Binti yako, bado,
Angelina

*

Gereji, Karatu
16 Juni 2001

Opereta wa Zamu,
Kituo cha Redio,
Arusha.

YAH: KUPIMA REDIO YA NAMBA SABA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kukujulisha kuwa kwa agizo la halmashauri ya parokia, redio ya gari tajwa imefungwa upya. Amplifaya imeondolewa. Redio ina betri yake chini ya kiti cha abiria, waya wake na fyuzi yake, kama ilivyoelekezwa na ofisi yako. Betri hiyo ilichukuliwa nyumbani kwa fundi siku ya Jumanne mbele ya majirani. Televisheni ipo, haiwaki.

Dereva Qamara amerudishwa kazini tangu tarehe 11. Alikuwepo wakati wa kufunga, alinishikia tochi. Hakusema neno lolote baya. Ningependa angesema.

Gari litapimwa Jumamosi tarehe 23, saa nne asubuhi. Ninaomba siku hiyo zamu akae mtu mwingine. Kama haiwezekani, itatosha kuandika kwamba umenipata. Jina langu kamili unalo.

Bi. Bernadina, mke wa fundi, anakusalimu. Magoti yanamsumbua.

Josephati Tluway
Fundi Umeme wa Magari

Nakala: Paroko