Ubeti wa Tatu

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja mwaka jana kimekuacha. Mimi sijambo, mgongo tu ndio unaolalamika, maana kiti changu pale kituoni ni kile kile cha siku ya kwanza. Siku nne sasa nahangaika na pa kuanzia. Nianze na habari utakayoifurahia: Mjomba ameanguka.

Najua televisheni uliitoa ndani ya nyumba yako, basi nikusimulie. Kipindi bado ni Jumapili saa tisa alasiri, na bado wana wanasarakasi, mchekeshaji mwenye mbwa, na kwaya ya watoto thelathini wenye soksi nyeupe. Katikati anasimama yeye na koti lake la maua, akiwahakikishia wazazi kwamba kwake halipiti neno chafu. Watoto wa nchi nzima wanamwita Mjomba. Kila alipocheka, kaka, mimi niliona karatasi yako ikichanika mikononi mwake mbele ya kamera, akisema wimbo wako unawafundisha watoto kuvuta unga. Bendi ikakukimbia, wifi akarudi kwao, nawe ukaishia kutengeneza majokofu mahali ambapo hakuna anayejua kuwa uliwahi kushika gitaa. Mimi nikabaki pale pale nikimpigia taipu na kumwamkia kila asubuhi. Watu walidhani sina uchungu. Ninao, niliuweka kiporo tu.

Utaratibu wake haujabadilika. Kila wimbo unaanzia kwangu, naupiga taipu, nampelekea. Yeye husoma ubeti wa kwanza tu, akatia sahihi. Hujisifu kwamba wimbo mbovu unanuka tangu mlangoni, hana haja ya kuingia ndani. Mazoezini haji, anasema mazoezi ni ya wasiojua. Siku ya siku anasoma maneno kwenye kioo kilicho chini ya kamera huku akiimba, na watoto wanaitikia kiitikio walichofundishwa.

Mwezi uliopita akataka wimbo wa kuwaenzi akina mama. Nikampelekea wako. Ndiyo, ule ule. Niliubadilisha jina, nikauleta mwanzo ule ubeti wa mama anayeamka kabla ya jua, na ule wa kijana anayeusifu unga nikausogeza uwe wa tatu. Neno lako hata moja sikuligusa. Kiongozi wa bendi wa sasa alikuwa bado yuko shule ulipofukuzwa, akautungia sauti mpya bila kujua lolote. Mjomba alisoma ubeti wa kwanza, akafuta machozi, akatia sahihi. Akaniambia hivi ndivyo watu walivyotunga zamani, kabla ya hawa wavuta bangi wa siku hizi. Niliingia chooni nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Jumapili aliimba vizuri, nisimnyime haki yake. Mkono kifuani, watoto wamemzunguka. Ubeti wa pili ukapita. Alipoingia wa tatu alikuwa bado anatabasamu, na mdomo wake ukatangulia akili: akaimba jinsi unga unavyopashwa moto kwenye kijiko, akaimba sindano, akaimba kwamba mama yake sasa ni unga. Hapo tabasamu likagandia usoni, na watoto thelathini, waliojua zamu yao tu, wakaitikia kwa furaha yote. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera. Nilitaka anione, akaniona. Kisha matangazo ya sabuni yakaingia na kipindi hakikurudi tena.

Jumatatu tuliitwa kikaoni. Simu zilikuwa hazijaacha kulia tangu jana yake, na mkurugenzi alikuwa amekwisha kumsimamisha Mjomba. Akataka kujua nani alileta wimbo. Barua yangu ya kuacha kazi ilikuwa mkobani, na jina lako lilikuwa mdomoni, nilitaka kumtemea Mjomba usoni. Kabla sijafungua mdomo, akasema yeye: "Huyu dada msimguse. Miaka kumi na miwili ananiletea karatasi, hajawahi kunificha hata mstari mmoja."

Furaha yote ikanitoka, kaka, na sasa nikuambie nisichokuambia miaka yote hii.

Siku ile wimbo wako ulikuwa kurasa mbili. Nilikuwa na wiki mbili kazini, vidole vizito, na nilikuwa nimemaliza ukurasa wa kwanza tu, ule unaoishia pale kijana anapousifu unga. Mjomba akaja mwenyewe mezani kwangu, akauchukua, akaniuliza kama ndio wote. Nikasema ndio wote. Niliogopa ataniona mzembe. Ubeti wa mama na ule wa mazishi zilikuwa zimelala mbele yangu kwa mwandiko wako. Nilimwona akichana. Ningeweza kumkimbilia wakati wa matangazo na karatasi ile mkononi. Nilikaa.

Mjomba simwonei huruma, nisikudanganye. Alikuhukumu bila kukusikiliza, na uongo wangu haumsafishi. Lakini sikiliza nilichokifanya Jumapili. Nilijua watakata ubeti wa tatu ukifika. Niliupanga wimbo hivyo makusudi, ili wakate. Kwa hiyo ubeti wa mwisho, ule wa mama anayefua shati la mwanawe na hana wa kumvisha, haukusikika safari hii pia. Leo magazeti yanauita wimbo wa unga na yanamtafuta aliyeutunga, na aliyewapa kisa ni mimi.

Alhamisi ijayo narudi kikaoni. Yangu nitayasema yote, ya juzi na ya zamani, na wakinifukuza watakuwa wamechelewa. Jina lako sijalitaja. Kama nilitaje au nilinyamazie, uniambie wewe, kwa sababu mimi nimeshakuamulia mara mbili.

Wasalimu wanao, uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Na usipotaka kunijibu, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku