Chama cha Mtu Mmoja

3 Machi

Shangazi, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila mama kikohozi hakijamwachia.

Nina jambo, usinigombeze. Nimefufua chama chenu cha kompyuta. Si kile cha kukutana juu ya duka la dawa, kila mtu na mashine yake mbovu kwapani. Ni blogu tu, naiandika mwenyewe dukani nikimaliza kazi za wateja, ila jina nimelichukua lilelile. Wiki hii nimeeleza jinsi ya kujua kama simu yako imewekewa programu ya kukupeleleza. Wasomaji wamefurika hadi nimeogopa!

Mwanao, Fundi

11 Machi

Marahaba, mwanangu. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Mpe mama pole.

Nimesoma barua pepe yako mara mbili. Mwenyekiti wetu alifundisha somo hilohilo. Walikuja watu wawili wakamwomba atoke nje kidogo. Tukabaki tunatazama maandishi yake ukutani, projekta inaunguruma. Hakurudi. Ndiyo maana nilikimbia, niko huku ugenini. Andika habari za printa, mwanangu. Andika za kibodi. Somo hilo lifute.

Shangazi yako

2 Aprili

Shikamoo Shangazi. Umeamkaje huko? Mama ana nafuu.

Sikulifuta. Dada mmoja alilisoma akaja dukani. Jina wala kazi yake sikwambii, kwa usalama wake. Alikuwa anaongea amefunika mdomo, kana kwamba simu ina macho. Tulipoikagua, kumbe mumewe anasoma kila ujumbe, anaona kila anapokwenda.

"Ukiitoa, atajua," akasema.

Basi tukaiacha ilivyo. Akaifungia simu kwenye droo kazini kwake, akaondoka bila kuaga mtu. Alikokwenda najua mimi peke yangu.

Sasa mumewe anakuja dukani. Ni askari. Anakaa kwenye benchi la wateja, anatazama kila simu ninayofungua. Jana ndipo akauliza, "Chama chenu kina watu wangapi?"

"Wengi," nikamjibu.

Akacheka. "Mbona anayeandika ni mmoja?"

Shangazi, nifanye nini?

Mwanao, Fundi

3 Aprili

Mwanangu, salamu baadaye. Funga duka. Mchukue mama, nendeni kwa mjomba wako leo hii. Ukifika, niandikie neno moja tu.

Shangazi yako

10 Aprili

Mwanangu, hujambo? Simu yako haipatikani. Mama yuko kwa mjomba, peke yake. Anasema ulirudi dukani mara moja kuchukua kompyuta za watu. Mara moja gani hii isiyoisha? Blogu naifungua, naifunga, hakuna jipya. Nijibu, hata kwa kunitukana.

Shangazi yako

14 Aprili

Shangazi mpendwa,

Mimi ni mzima, nimesafiri kikazi. Naomba unikumbushe: yule nesi nilikwambia amekwenda kwa nani? Pia nitumie majina ya wanachama wa zamani na wanapoishi.

Mwanao, Fundi

15 Aprili

Bwana Askari,

Mwanangu hajawahi kuniandikia bila shikamoo. Wala hakuniambia kwamba yule dada ni nesi. Hilo unalijua wewe, mumewe.

Umeomba majina ya wanachama. Nimewaandikia wote, watu ambao miaka yote hii niliogopa hata kuwasalimu. Nilidhani watanikimbia. Mmoja siku hizi ni wakili. Anakuja kituoni kwako na mama wa Fundi, binti yetu. Mwingine ni mtangazaji, na barua yako anayo mezani. Wengine wamesema watasimama nje ya lango mpaka waambiwe alipo.

Sikufichi, naogopa. Wewe uko karibu naye, mimi niko mbali, na sijui umemfanya nini.

Mrudishie simu yake. Mwambie shangazi yake anamsalimu, anauliza ameamkaje.

Shangazi yake