Pini Nyuma ya Mkanda

Jumatatu, 16 Septemba

Nimejaribu suti. Ileile niliyonunua Milano enzi za kuendesha lori — fundi wa kule alinivika kwa mikono yake, akasema mabega haya ni ya jenerali. Leo jenerali kakimbia, kaacha sare. Nilipoiachia suruali ilishuka hadi magotini. Nilicheka. Stanka, mke wangu, hakucheka.

Naandikia stoo ya chini, nyuma ya pipa la kabichi. Wengine hawaji huku, wanaogopa panya.

Harusi ya binti yetu Snezhina ni Jumapili. Mtoto hajui. Tumemwambia daktari kanikataza mafuta ya nguruwe, ndiyo maana nimepungua. Akijua ni ugonjwa wa tumbo, na ni wa namna gani, ataahirisha. Aliwahi kuahirisha bibi yake alipofariki, akavaa nyeusi mwaka mzima. Sitaki aahirishe tena kwa ajili ya mtu ambaye bado anakula. Kidogo, lakini anakula.

Jumatano, 18 Septemba

Kwa fundi siendi. Kijijini yuko mmoja tu, shangazi wa bwana harusi, na ulimi wake una kasi kuliko cherehani. Stanka akatunga uzi, akaanza kunibana suruali ningali nimeivaa. Sindano kugusa kitambaa tu, akashtuka, akaitupa chini ya jiko. Kwetu anayeshonewa nguo mwilini ni maiti.

Akasema basi vua, nitashona mezani.

Nikakataa. Ukishona umekubali. Mimi Krismasi nitanenepa, nguruwe akishachinjwa. Tubane kwa pini.

"Haya, bwana mkubwa," akasema. "Pini."

Hakunitazama.

Ijumaa, 20 Septemba

Kazi imekwisha, na mhandisi ni mimi. Nimefunga maturubai kwenye upepo kutoka Izmir hadi Hamburg, suruali ndiyo itanishinda? Kiuno kimekunjwa nyuma, pini zimelazwa kwa ndani, mkanda juu yake. Mikono ya shati nimeibana kwa raba bendi juu ya kiwiko. Fulana mbili za sufu kujaza kifua. Gazeti ndani ya kofia — hata kichwa kimepungua, nani angejua.

Jirani yangu Kiro akachungulia juu ya ukuta.

"Evlogi, umependeza. Kwani unaoa wewe?"

"Nikioa mimi, uanze kuniita baba. Mama yako kashakubali."

Stanka akacheka. Sikumbuki alicheka lini mara ya mwisho. Halafu akaingia ndani kunawa uso, akakawia.

Jumapili, 22 Septemba

Joto. Fulana zinanipika. Upande wa bwana harusi wamefika na kinanda na ngoma, kumchukua mtoto. Kabla ya kanisani lazima tucheze horo uani, duara moja, wote.

Nilikuwa nimejaribu kila kitu. Kupiga magoti, kuinama, kuinua glasi. Pini zilikaa. Na mimi, mchezaji wa horo nisiye na mpinzani bonde zima, nikasahau jambo ambalo hapa hata mtoto analijua: kwetu hatushikani mikono. Tunashikana mikanda.

Snezhina alikuwa kushotoni kwangu. Akapitisha mkono nyuma ya koti, akashika. Mkono ukasita. Nikavisikia vidole vyake vikipita juu ya mikunjo, vikapapasa pini, moja baada ya nyingine, taratibu. Miguu yake haikukosea hatua. Uso mbele. Basi nami nikaruka juu zaidi, nikapiga mbinja, watu wakashangilia. Pini ikafunguka, ikanichoma.

Wimbo ulipokwisha nikasema naleta pombe, rakia. Nimejifungia huku stoo. Shati lina damu, si nyingi. Suruali naishika kwa mkono mmoja, naandika kwa mwingine. Magari yanapiga honi, padri anangoja.

Mtu anashuka ngazi. Si Stanka. Viatu vina visigino.

"Baba."

Nakaza mkono kwenye suruali.

"Baba, fungua. Nimechomoa pini za shela."

Kengele ya kanisa imeanza kulia. Visigino havijaondoka mlangoni.