Sahihi ya Babu Kabla ya Saa Nne

Jumatatu, 9 Juni 2025

Tumeondoka! Saa mbili na dakika kumi kutoka Mugumu, Coaster nyeupe, dereva Konstantino. Wageni tisa wa mpango wa kubadilishana wanafunzi — Denmark, Poland, Hispania — na sisi watano wa kidato cha tatu. Siku sita kuzunguka Serengeti na Tarime. Halafu mwezi wa tisa zamu inageuka: wawili kati yetu wanakwenda kuzunguka Ulaya kwa basi. Wiki tatu. Nchi sita!!

Wawili tu. Wa kwanza ni Ezekiel, karatasi zake zimekamilika. Wa pili ni mimi. Naandika tena ili niamini: wa pili ni mimi.

Lakini fomu yangu haina sahihi ya mlezi. Baba yuko machimboni Nyamongo. Nilipompigia alisema hawezi kuutangulia mkono wa mzee, Babu akisaini imetosha. Na Mwalimu Veneranda amesema waziwazi mbele ya wote: kituo cha mwisho ni kwetu Kenyamonta. Basi likitoka pale Jumamosi saa nne bila sahihi, nafasi ni ya Juliana.

Juliana ni rafiki yangu. Fomu yake ilisainiwa tangu Mei, na ameshanunua soksi za baridi. Ananiambia, "Usijali Felista, nitakuletea theluji kwenye chupa ya Fanta." Mchokozi!

Nimekaa na Signe wa Denmark. Mrefu mno, magoti yake hayana pa kukaa. Anamwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto wa chekechea. Leo kwenye bwawa la Manchira kamtoto kamoja kalimwitikia marahaba bila hata kucheka.

Jumanne, 10 Juni 2025

Issenye. Vumbi hadi kwenye meno. Wageni walipakiwa kwenye baiskeli na wenyeji, duru moja kuzunguka uwanja, halafu wakataka wao ndio waendeshe. Mpolandi akaingia kwenye mahindi ya watu. Mwenye shamba alicheka kuliko sisi.

Nilimpigia Bibi Luciana mchana. Barua ya maelezo ya safari nilimtumia wiki tatu zilizopita, amemsomea Babu mara mbili. Amesemaje? Hajasema. Ameuliza swali moja tu: huyo dereva wa huko Ulaya, njia anaijua?

Nimemwambia Bibi amjibu kwamba anaijua. Sina hakika, lakini dereva asiyejua njia angeajiriwaje?

Jumatano, 11 Juni 2025

Siku nzima barabarani. Tarime baridi! Juliana kavaa soksi za Ulaya, anasema anazifanyia majaribio.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Sirari, mpakani. Kiswahili kinabadilika ghafla kama redio iliyoguswa. Mama mmoja wa vitenge alimshika Signe mkono: "Kuja hapa, mrembo, nitakupea bei ya sister." Signe akamwamkia shikamoo. Yule mama akashtuka, "Ai! Kwani mimi ni shosho?" Yaani bibi kizee! Tulicheka hadi Konstantino akaja kuona kuna nini.

Signe alinionyesha kwenye simu njia ya basi la mwezi wa tisa. Mstari wa bluu unashuka kutoka kwao, unapita Ujerumani, unapanda milima, unaishia baharini Italia. Anasema kwenye milima ile kuna ng'ombe wenye kengele shingoni. Nikamwambia Signe kwamba Babu lazima asikie habari hiyo. Nikamwuliza tutakaa siti gani. Sikukusudia kuuliza! Ilitoka yenyewe.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Nyumbani Kenyamonta. Naandika nikiwa nimejificha nyuma ya jiko. Nimeharibu.

Nianze na mazuri. Tuliuvuka mto Mara kabla ya saa sita, saa nane tukawa uani. Bibi alipiga vigelegele peke yake akatosha kwa kijiji kizima. Babu Nyangwine alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Signe alimpa shikamoo, na mara hii ilikuwa mahali pake kabisa. Babu akafurahi, akaniambia kwa Kingoreme nimwambie huyu binti amelelewa. Tukala ugali wa mtama na nyama. Nikamsimulia habari za kengele. Akauliza, kila ng'ombe ana kengele yake? Ndiyo. Mlio mmoja au tofauti? Signe hakujua. Babu akasema, "Wangeniuliza mimi."

Halafu akasema mwenyewe, bila kuombwa: "Lete hiyo karatasi jioni, ng'ombe wakishaingia." Akaomba kalamu kabisa, akaichomeka mfukoni mwa koti. Mwalimu Veneranda alinikonyeza! Juliana akanifinya, akasema basi atanikodishia soksi.

Saa kumi na mbili kasoro Baba mdogo Vicent akaleta ng'ombe. Signe alikuwa na dodoso lake, kila mgeni anajaza la kaya moja, na Mwalimu anayataka yote leo. Akaniuliza, ng'ombe wangapi? Nikajua sipaswi kumwuliza Babu. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Babu anatazama tu wakiingia, anajua nani hayupo, kama mtu anavyojua jino lililong'oka. Kuwahesabu kwa mdomo ni kuyaita mauti yaje yachague. Hilo nalijua tangu sijaota meno ya ukubwani.

Lakini Signe alikuwa anasubiri na kalamu. Nikajiambia, kwa Kiingereza haihesabiki. Kweli nilijiambia hivyo! Ng'ombe hawajui Kiingereza, Babu hajui Kiingereza, nani ataumia? Nikasimama mlangoni mwa zizi. One, two, three. Hadi twenty-four. Signe akaandika. Nikageuka.

Babu alikuwa nyuma yangu. Kiingereza hajui — lakini nilikuwa nanyoosha kidole!

Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Na hicho kidole kimesoma hadi kidato cha ngapi?"

Baba mdogo Vicent akaangua kicheko, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

Nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Signe naye akapiga magoti, hajui kwa nini. Babu akamwinua yeye kwanza. Akamwambia mgeni hana kosa. Akaniambia mimi ninalo. Kesho asubuhi mlango wa zizi nitaufungua mimi, na kila ng'ombe akitoka nimwite kwa jina lake, mpaka wa mwisho. Ndivyo baba yake alivyomfanyia alipokuwa mdogo, alipowahesabu kwa mawe. Na fomu? "Kesho. Baada ya hao."

Kalamu ilibaki mfukoni mwake.

Nipo bweni mwaka wa tatu sasa. Kuna ng'ombe wamezaliwa sijawahi kuwagusa. Nimewapitia kichwani: kumi na tano nawajua. Bibi amepita hapa akijifanya anatafuta kuni, amenong'ona majina manne akaenda zake. Signe analia, anasema atalifuta dodoso. Amelifuta kweli, hadi karatasi imetoboka. Juliana amekuja pia. Hakusema kitu cha kuchekesha. Amekaa tu.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Saa mbili asubuhi.

Wote waliamka kuangalia! Wageni wamejipanga kwenye ukuta wa nyumba, Konstantino juu ya bampa, Mwalimu Veneranda na mwavuli. Babu kwenye jiwe lake. Nikaondoa miti ya mlango.

Wa kwanza wepesi: Kijivu. Mama Madoa. Pembe Moja. Mke wa Mwalimu — Mwalimu Veneranda akakohoa, nikaeleza haraka kwamba alinunuliwa kwa mwalimu mstaafu. Corona, aliyezaliwa 2020. Mtihani, alizaliwa siku nilipofanya wa darasa la saba. Kila nikitaja Babu anasema "ee" ndogo, kama anapokea mzigo. Sauti yangu ikapata nguvu. Majina ya Bibi yakatoka bila kukwama. Mmoja nilimwita Nyota, Babu akanyamaza. Nikamtazama tena, masikio. Si Nyota, mama yake Nyota! "Ee."

Wanne niliwabahatisha kwa mama zao, jinsi wanavyotembea. Watatu "ee". Wa nne Babu alinirekebisha, akanifanya niseme tena mara mbili.

Mwisho akabaki mtamba mdogo mweusi, mkia mweupe. Akasimama mlangoni ananitazama.  Konstantino kutoka kwenye bampa ananong'ona, "Mwite Coaster! Mwite Coaster!" Nikamwangalia Bibi, Bibi akaangalia mawingu.

Nikasema, "Huyu simjui, Babu."

 Halafu Babu: "Hata mimi. Vicent kamleta juzi kutoka kwa wajomba zake, hata jina lake hakuuliza."

Wee! Uani kulilipuka. Hata Babu mabega yalitikisika. Mtamba akatoka zake. Babu akasema, lete karatasi.

Saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

Fomu ina Kiswahili upande mmoja. Babu amevaa miwani, anasoma mwenyewe, polepole, kila neno kwa sauti, kidole chini ya mstari. Namba moja, jina la mwanafunzi. Namba mbili, tarehe ya kuzaliwa. Namba tatu, jina la mlezi. Nikijaza kwa kalamu yangu anasogea. Konstantino kapiga honi. Babu amesema basi lake halitaliwa na fisi.

Namba nne. "Idadi ya watu wanaoishi katika kaya."

Kidole kimesimama.

"Hii ya nini?" Nikasema sijui, Babu, wanataka tu kujua. "Wanataka kujua watu wa nyumba yangu ni wangapi." Bibi aliyekuwa anafunga mahindi ya kuchoma ya wageni ameacha kufunga.  Babu ametoa ile kalamu ya mfukoni, akanipa. "Umesoma wewe. Maliza, mimi nitaweka sahihi." Ameenda kumnyamazisha Konstantino.

Mwalimu Veneranda alishatuonya: fomu yenye nafasi wazi inarudishwa. Nikimwendea sasa kumwuliza, Babu ataona. Watu wa nyumba hii nawajua wote, ni kuandika tarakimu moja tu, nani ataumia? Jana nilijiuliza hivyohivyo.

Dakika sita. Juliana ameingia ndani ya basi, ameweka mkoba wake kwenye siti yangu, halafu ameuondoa. Sijui maana yake.

Nimepiga mstari. Mmoja, mnyoofu, kwa rula, kutoka mwanzo hadi mwisho wa namba nne. Nafasi si wazi tena, na hakuna aliyehesabiwa. Babu anarudi, na Mwalimu anamfuata nyuma na saa mkononi, wote wawili wameshanyoosha mkono waichukue fomu —