Kumbikumbi wa Maximilla

Dada Siti mshauri wetu,

Shikamoo. Nakuomba unisaidie, ingawa jambo lenyewe nimelianzisha mimi kwa mdomo wangu. Mimi ni mke wa Gharibu, mwaka juzi tulihamishiwa kijiji kipya hapa Kasulu, na jirani yangu alikuwa Maximilla, mama wa Kirundi aliyekimbia mauaji ya kwao mwaka sabini na mbili akafika peke yake, na kati ya bustani yake na yangu kuna kichuguu kikubwa. Mwezi uliopita mvua ilipokatika alasiri kumbikumbi wakatoka, wengi hata jua likafifia, sote tukakimbilia na ndoo maana ni kitoweo, lakini Maximilla hakuokota hata mmoja, alikaa chini amenyoosha mikono, wakatua usoni na kichwani mwake wala hakupepesa macho, na nilipomkaribia nikamsikia anawaita kwa majina, Ndayiragije, Nsabimana, Tharsisi, polepole, kila anayetua na jina lake. Nikamuuliza anaongea na nani.

Akasema, "Abanje. Watu wangu. Leo wamekuja wote."

Dada, mwili ulinisisimka. Asubuhi nikakuta mabawa yametanda bustani nzima, yanatikisika na upepo hakuna, na chini yake miche yangu saba ya kabichi imelala, imekatwa shingoni, majani mazima. Nikasema kisimani mbele ya wanawake kwamba Maximilla ametuma wafu wake kwenye mboga zetu. Nilisema mara moja tu. Baada ya siku chache hakuna aliyempa hata kaa la moto, watoto wakakatazwa kupita kwake, kisha siku moja tukakuta mlango wake wazi, mkeka haupo na yeye hayupo. Nasikia yuko Kabanga kwa Rosa, mwenzake wa kanisani.

Kinachonitisha ni kwamba ameondoka wiki tatu sasa, kumbikumbi hawajatoka tena, na kila asubuhi miche miwili mitatu imelala vilevile. Jumamosi wazee wanataka kunigawia shamba lake, Gharibu anafurahi, lakini mimi hata kupita karibu na kile kichuguu siwezi. Je, amenilaani? Nipokee shamba au tuhame?

Adija, Kasulu, Desemba 1975


Adija mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa hofu, lakini sitakubembeleza. Kumbikumbi hali kabichi. Akiota mabawa anatoka kutafuta mwenzake, mabawa yanadondoka, wawili wawili wanajichimbia ardhini, na wengi wao wanaishia kwa kuku na kikaangoni kwako. Nimemsomea barua yako bwana shamba mmoja, Stanislaus. Nilipofika kwenye shina lililokatwa na majani mazima, hakungoja nimalize.

"Mwambie afukue," alisema.

Basi fukua. Asubuhi mapema, chimba kwa kidole pembeni ya shina lililokatwa. Utakuta funza mnene wa rangi ya udongo, amejikunja kama pete. Huyo ndiye mkataji. Muue yeye na wenzake kila siku, ung'oe magugu yanayowaficha.

Wewe mwenyewe umeandika kwamba Maximilla ameondoka na miche inaendelea kuanguka. Wiki tatu umeliona hilo kwa macho yako, ukaona heri uogope laana kuliko kujiuliza.

Hayo majina sina la kukuambia. Huenda ni watu aliowaacha bila kuwazika. Mabawa yanayotikisika bila upepo hata mimi yangenisisimua, sikufichi. Lakini mtu anayewaita waliomfia hajakudhuru. Wewe ndiye uliyemdhuru, naye hakuwa na nyumba nyingine.

Shamba usipokee, na kuhama usihame. Jumamosi simama mbele ya wazee na wale wanawake wa kisimani, uweke kopo la funza chini wawaone, useme ulimsingizia. Lakini kabla ya hapo nenda Kabanga. Gharibu akikataa kukusindikiza, nenda peke yako. Usimtume Rosa akusemee. Ukifika, sema kosa lako ukiwa bado umesimama mlangoni, kabla Maximilla hajakupa kiti. Akishakukaribisha, utashindwa kusema.