Fimbo ya Mumba na Shimo la Munigi

Goma, Katoyi, le 7 mars 2008

Mudogo wangu mupenzi Kasoki,

Pokea salamu zangu za mikono miwili, wewe na baba watoto, na watoto wenyewe mumoja mumoja, zaidi Charline, maana naambiwa amekupita urefu na sasa anakuangalia kutoka juu. Sisi hapa Katoyi tuko, tunapumua, tunakula kinachopatikana. Mama wa hapa nyumbani, Julienne, jino linamusumbua lakini mudomo wake haujachoka, kwa hiyo ujue hajambo. Magoti ya Mama yanaendeleaje na baridi ya Butembo? Na je, bado hagusi maharagwe? Siulizi kwa mchezo. Utaona mbele kwa nini.

Kabla hujaendelea, keti. Usiisome barua hii ukiwa umesimama mulangoni, na usimusomee Mama hata neno moja mpaka uifikishe mwisho wewe mwenyewe. Mimi niliyezoea kukuandikia kurasa tatu za mizaha, leo ni siku ya tano tangu jambo hili litokee. Nimeharibu karatasi mbili kabla ya hii.

Lilianza kama kichekesho. Kuna muzungu mumoja wa Suède, Monsieur Nils, ingénieur wa maji, anayepeleka maji kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Munigi. Wiki nzima anahangaika na mabomba na mapompe. Siku ya dimanche, siku ya mapumziko, anakwenda kwenye malisho fulani huko huko Munigi kucheza gofu. Wewe hujaona gofu, hata mimi sikuwa nimeona. Mutu mukubwa mwenye akili zake anaweka kimupira kidogo kwenye majani, anakipiga kwa fimbo ndefu yenye kichwa, halafu anakifuata kwa miguu ili akipige tena. Nilimuuliza kama huko kwao ni adhabu ya wafungwa. Alicheka, akasema bibi yake pia anaona hivyo.

Mwezi wa septembre alikuja kwenye ateliye yangu ya mbao amebeba kitu ndani ya kitambaa, kama mutu aliyebeba mutoto mugonjwa. Ilikuwa fimbo ya marehemu baba yake, ya kizamani, kichwa chake cha mbao, kimekanyagwa na camion ya maji kikapasuka. Alieleza kwamba siku hizi fimbo kama hizo zinatengenezwa kwa chuma, lakini yeye anataka ya mbao kama ya baba yake, na amekwisha kuona chukudu zangu, hizi baisikeli zetu za mbao za kubebea muzigo, zikiteremka kutoka Kibumba na kilo mia nne za viazi bila kuyumba. Aliomba mambo mawili: mupira uende mbali kuliko zamani, na uende sawa. Ile ya zamani ilikuwa inapeleka mupira kulia kila mara, mpaka wakimbizi wakajua mahali pa kutosimama.

Unanijua, Kasoki. Kazi ya mbao ikinishika, hata chakula nasahau. Nilikipasua kile kichwa kabisa nikakichunguza, nikakuta uzito wote umekaa katikati, kama chukudu iliyopangwa magunia yote katika rundo moja. Chukudu ya namna hiyo, gurudumu likigusa jiwe kwa pembeni tu, inajizungusha na kukutupa. Sisi tunafanya nini? Tunashusha muzigo chini na kuutawanya pande mbili, hapo hata ukigonga jiwe chombo kinashika njia yake. Basi nikachonga kichwa kipya kipana kidogo, nikatoboa matundu chini yake, moja huku na moja kule, na la tatu kwa nyuma, nikamimina humo plomb iliyoyeyushwa, yale madini mazito ya batri kuukuu. Nils alikipima mukononi, akaniambia kwamba kwao Ulaya wataalamu walitumia mashine na miaka mingi kufikia wazo hilo. Nikamujibu kwamba ni kwa sababu hawajawahi kuteremsha viazi kutoka Kibumba.

Tulipokosana ni kwenye ubao. Yeye alitaka fimbo yake kwa sikukuu ya Noël. Mimi nilikuwa na kipande kikubwa cha mumba, ule muti mugumu wa chukudu, kilichokaa juu ya dari miaka minne, lakini nilikigonga nikasikia bado kina maji moyoni, nikakataa. Akarudi mara tatu. Mara akanuna, mara akaleta kahawa, nikakataa tu. Kila mutu hapa Goma anajua kwamba Adalbert hachongi muti mubichi hata umuletee mufalme. Vijana wananiita Papa Kausha. Nils alinisifu, akasema hajaona fundi muvumilivu namna hii. Nilirudi kwenye randa yangu. Sifa hiyo ina chanzo chake, na hakuna aliyewahi kuniuliza ni kipi.

Dimanche iliyopita fimbo ilikuwa tayari, nikaenda naye Munigi kuiona ikifanya kazi. Pale palikuwa pia muzee Habarurema, mukimbizi kutoka Rutshuru, anayechunga mbuzi za watu kwenye yale malisho na kumuokotea Nils mipira yake. Alituonyesha mahali mipira inapoangukia siku zote, upande huu wa safu ya miti ya kalitusi. Nils akaweka mupira, akapumua, akapiga. Ulitoa sauti kavu, safi, na mimi niliyechonga ile mbao nilijua kabla ya kuangalia juu. Mupira ulikwenda sawa kama uzi, ukapita juu ya kalitusi zote, ukapotelea kwenye mawe ya volkano ya zamani huko ng'ambo. Nils alibaki mudomo wazi. Mimi, muzee mwenye wajukuu, niliruka kama mutoto, nisikufiche. Tulipima kwa kamba mpaka ukingo wa shimo ulimotumbukia: metre mia mbili na thelathini na nane. Fimbo ya baba yake haijawahi kufika mia mbili.

Habarurema alituambia tuuache. Alisema lile shimo lina mazuku. Wewe umekaa Butembo siku nyingi, nakukumbusha: ni ile hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi ya volkano na kujikusanya mabondeni. Haina rangi wala harufu. Mbuzi anashuka kula majani mabichi, hapandi tena. Ndiyo maana hakuna mutu wa Munigi anayekanyaga pale, wala kutafuta kuni, wala kujificha, hata vita iwe kali namna gani. Lakini Nils alikuwa anataka mupira ule ule, wa kwanza wa fimbo mupya, na mimi kichwa kilikuwa kimevimba kwa sifa. Tukangoja upepo wa muchana. Habarurema akateremsha mushumaa ndani ya kopo kwa kamba, ukazimika. Tukangoja tena, upepo ukavuma kweli kweli, akateremsha mara ya pili, ukawaka. Akanifunga kamba kiunoni, akaniagiza nishuke haraka na nisiiname kabisa, maana ile hewa inalala chini.

Kasoki, mupira ulikuwa juu ya ubao wa chukudu.

Nilidhani macho yananidanganya. Niliona vishikio kwanza. Kimoja, cha kushoto, kirefu kuliko kingine kwa nusu shibiri. Hakuna chukudu nyingine Kivu nzima yenye vishikio vya namna hiyo, maana hakuna fundi muzima anayeweza kutengeneza hivyo, isipokuwa kwa ajili ya mutu ambaye mukono wake wa kushoto ulivunjika utotoni ukapona mufupi. Halafu nikamuona yeye. Ameketi, mugongo kwenye jiwe, miguu imenyooshwa, kama mutu anayepumzika kazini. Mifupa tu, na viatu. Pembeni yake kipande cha gunia lililooza, chenye ule uzi mwekundu ambao shangazi Eugénie wa Kalengera anashonea magunia yake.

Ni Gauthier, ndugu yetu. Miaka kumi na mumoja tumemutafuta kwa Croix-Rouge, wale wa musalaba mwekundu, Bukavu, Kisangani, hata kwa wafungwa. Alikuwa hapa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mulango wangu.

Sijui nilipanda namna gani. Nilisikia Habarurema anavuta kamba na kunifokea kwa Kinyarwanda. Yule muzee aliposikia jina la ndugu yangu aliacha kufoka. Alivua koti lake, lile moja alilokimbia nalo, akalitandika chini. Tulishuka kwa zamu, upepo ukituruhusu, tukamupandisha kidogo kidogo. Nils alilia kuliko mimi, akasema afadhali asingeomba ile fimbo. Mimi sikuwa na machozi. Mwili ulikuwa umekufa ganzi, na mpaka leo nikinywa chai siisikii kama ni moto au baridi.

Sasa fika hapa, mudogo wangu, ushikilie moyo.

Novembre ya tisini na sita, wakati mabomu yalipoanza, wewe ulikuwa hapa kwangu Goma, umezaa Charline siku ya nane. Ulitamani maharagwe ya shangazi, na Gauthier akasema atakwenda Kalengera kuyaleta kabla njia haijafungwa. Hakurudi. Tangu hapo Mama anasema ni tumbo lako lililomutuma mutoto wake kwenye kifo. Hakula tena maharagwe, hapokei sahani kutoka mukono wako, na wazee walipotaka tuzike mugomba mahali pake ili matanga yaishe, alikataa, akasema aliyemutuma ndiye amurudishe. Nilikuwapo siku hiyo. Nilikuona umeinamisha kichwa, umemubeba Charline mugongoni. Nikanyamaza.

Gauthier hakuuawa na askari. Hana alama ya risasi. Chukudu yake ilivunjika fourche, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu. Niliikuta imepasuka vipande viwili, naye ameizungushia mukaba wake na utepe wa mupira, kisu bado kiko wazi. Aliona shimo linalomuficha na askari, akaingia kuitengeneza, akaketi. Mutoto wa Butembo, mazuku angeyajulia wapi? Kama fourche isingevunjika angepita moja kwa moja, angelala kwangu siku ile ile.

Na ile fourche niliichonga mimi, kwa mumba uliokatwa wiki tatu tu. Mutaa wote ulikuwa unataka chukudu za kukimbilia na mimi sikutaka kumuacha muteja aende kwa jirani. Asubuhi aliyoondoka niliona ufa, mwembamba kama unywele. Nilipaswa kumuzuia. Badala yake nilichanganya unga wa mbao na gundi, nikauziba, nikapaka mafuta meusi, huile ya moteri, usionekane. Yeye akaniuliza kama itarudi na gunia zima. Nikamuambia hiyo itatuzika sisi wote. Juzi nilipitisha kidole gumba pale ilipopasukia: gundi yangu bado imo.

Kwa hiyo halikuwa tumbo lako, Kasoki. Halijawahi kuwa tumbo lako. Nilishuku tangu mwezi wa kwanza, na kila Mama alipokusema nilijiambia huenda ni askari, huenda ni jambo lingine, na nikakuacha ubebe muzigo wangu. Huo uvumilivu wanaonisifia hapa ni woga. Wala sikuombi unionee huruma, muiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nimemutengenezea sanduku kwa mumba uliobaki kwenye ile fimbo. Ni mukavu, nimeugonga kila upande. Ile fourche sikuiweka ndani. Nimeifunga peke yake kwenye kitambaa pamoja na mukaba wake, ili Mama aishike kwa mikono yake, maana maneno matupu anaweza kusema nimeyatunga kukutetea.

Musomee Mama barua hii yote, usiruke mahali kwa kunihurumia. Florent, yule shoferi wa camion unayemufahamu, anasema njia ya Kiwanja inafunguka siku ya jeudi. Mama akikubali kuniona, nitakuja na sanduku. Akikataa, sanduku litakuja na Florent na mimi nitabaki Goma, na sitalalamika kwa mutu. Ila nakuomba jambo moja, nije nisije. Siku ya kumuzika Gauthier, pika maharagwe, mengi, uyapeleke mbele ya Mama kwa mukono wako mwenyewe, na usiondoke mpaka ale.

Julienne anakusalimia, hajui nililoandika hapa ila ameona uso wangu. Muzee Habarurema pia anatuma rambirambi zake kwa Mama. Nimemupa koti langu, amekataa nimurudishie lake. Wabusu watoto wote, na umuambie Charline kwamba mujomba wake Gauthier alikuwa analeta chakula chake, na alikuwa karibu kufika.

Ni mimi yaya yako, kaka yako mukubwa, kama bado utaniita hivyo,

Adalbert