Chumvi Niliyoitia kwa Siri Katika Sufuria ya Mkaza Mwanangu

Barua hii ilisomwa redioni mjini Kigali, Jumanne moja ya Machi 1992.

Mwanangu Mukunde wa redioni,

Nakuita mwanangu kwa kuwa sauti yako naisikia kila Jumanne nikichambua maharagwe, nisaidie mama yako nimekwama, mimi ni mjane wa miaka sitini na mbili, mzaliwa wa Bujumbura, nakaa mtaa wa Kabeza kwa mwanangu Libère na mkewe Annick, hayo si majina yao, na huyo Annick sina ugomvi naye hata kidogo, ni binti mwenye adabu, ila mwaka jana shingo yake ilitoka uvimbe, sote tukasema ni rovu kama marovu mengine ya huku milimani, kumbe ni kansa, wakampasua Nairobi wakaiondoa tezi ya shingo, na Alhamisi hii anarudi huko kwa ndege akanyweshwe ile dawa ya ayodini yenye mionzi inayochoma mabaki.

Sasa daktari wa huko alimwamuru aache kwa wiki kadhaa vidonge vyake vya kila siku vinavyofanya kazi ya ile tezi, na wiki mbili za mwisho asiguse samaki wa baharini, wala maziwa, wala chumvi ya pakiti, atumie ile ya mawe isiyotiwa kitu, basi akawa anajipikia kisufuria chake pembeni, jikoni kwangu, majirani wanaona, nawe unajua hapa kwetu mtu akikataa chakula cha mama mkwe wanasema anaogopa sumu, na Mama Nduwayo wa nyumba ya pili aliniuliza waziwazi huku anacheka, "Mbona mkweo hali chako, umemfanyia nini?" Niliumia, Mukunde, niliumia sana. Halafu kituo cha afya kimetufundisha miaka na miaka kwamba chumvi ya pakiti yenye ayodini ndiyo kinga ya shingo, nikajiambia huyu mtoto anaumwa shingo na anakimbia dawa ya shingo, labda hakusikia vizuri, basi kila mchana akienda kujilaza, maana bila vidonge amekuwa mzito, anasikia baridi juani, uso umemvimba, mimi nafunua kisufuria chake natia chumvi ya pakiti, siku tisa, na yeye hakujua, alisema tu, "Mama, leo maharagwe yamekolea," nami nikafurahi!

Jana Jumapili baada ya misa ndipo Annick alipotueleza jinsi yule daktari anavyochagua dozi, na huo utu wake na akili yake mimi sijawahi kuona, alimkalisha karibu saa nzima akamchorea shingo kwenye karatasi, akasema kwanza anasoma barua ya aliyempasua, uvimbe ulikuwa mkubwa kiasi gani, umeingia kwenye vitezi vya pembeni au la, anatazama umri, anatazama picha ya kifua, maana aliyekuwa na kauvimbe kadogo kakatolewa kote anaweza kupewa kidogo au asipewe kabisa, ambaye uvimbe wake umeruka pembeni anaongezewa, ambaye wake umefika mapafuni anapewa nyingi zaidi, na hata huyo ana mpaka wake, dawa ikizidi inaharibu mahali damu inapotengenezwa ndani ya mifupa. Halafu anamnywesha kidogo ya majaribio, anamlaza chini ya mashine aone mabaki yako wapi na yamekunywa kiasi gani, ndipo anaandika dozi. Alimwambia, "Nikikupa kidogo naacha mbegu, nikikupa nyingi nakuumiza bure, na sisi madaktari wenyewe hatukubaliani sote, kwa hiyo nataka nikupime wewe." Akamweleza pia kwamba mabaki lazima yawe na njaa ya ayodini, yakishiba ya chakula hayatakunywa dawa.

Mukunde, mimi ndiye niliyeyashibisha. Nikisema, Kabeza nzima itasema kweli bibi alikuwa anamtilia kitu. Safari ikiahirishwa, Annick ataendelea kuteseka bila vidonge kwa ajili yangu. Padre amenisamehe, ila padre siye anayeandika dozi. Nifanyeje?

Mama wa Kabeza

Mukunde anajibu:

Mama, heshima zako zote, na baada ya heshima nakugombeza. Siku tisa unafunua sufuria ya mgonjwa! Aibu ya jirani ndiyo ikakupeleka huko? Ulipoona hujaelewa, mdomo ulikuwepo, ungeuliza.

Kituo cha afya hakikukudanganya. Chumvi ile ni kinga ya rovu kwangu mimi na wewe wenye tezi. Annick tezi yake imeondolewa, na kilichobaki ndicho kinachowindwa. Umempa dawa ya watu wengine.

Barua yako nimeipokea jana mchana, na jioni nimemuuliza daktari mmoja wa hapa mjini, bila kutaja mtu. Aliposikia jinsi mwenzake wa Nairobi anavyofanya kazi, alitabasamu akasema, "Huyo ni daktari kweli." Mimi pia namvulia kofia. Ila kuna jambo moja macho yake hayalioni, nalo ni alichokula mgonjwa, hapo anategemea neno la Annick, na Annick ataapa kwa moyo safi kwamba hajagusa chumvi ile. Mabaki yakikataa dawa ya majaribio kwa shibe, picha inaweza kuonyesha shingo safi, naye aamini hakuna kitu, apunguze dozi. Kansa ibaki imekaa. Umeelewa sasa uzito wake?

Kwa hiyo leo hii, si kesho. Mwambie Annick kwanza, kabla ya Libère, kwa sababu mwili ni wake. Mweleze siku ngapi, kiasi gani kila siku, na umwonyeshe pakiti yenyewe. Kisha mwende wote posta mkapige simu kwa namba iliyo kwenye barua aliyopewa na daktari wa Nairobi. Labda atasogeza tarehe, labda atampima mkojo, labda atasema njoo hivyohivyo. Aamue yeye. Na akisogeza, usije ukamrudishia Annick vidonge kwa huruma! Mpe blanketi, mchemshie maji ya kuoga, mfulie nguo.

Na jikoni iwe sufuria moja. Nyumba nzima mle anachokula Annick, chumvi ya mawe kwa wote mpaka amalize matibabu, na wewe ndiye upike, yeye akiwa amekaa pale anakuona. Majirani wakitaka kusema, watasema huku mnashiba pamoja.

Unaogopa kuitwa mwenye sumu. Mama, mwenye sumu angenyamaza mpaka Alhamisi. Wewe umetembea kwa miguu mpaka mlangoni kwetu na barua mkononi, na huyo ndiye mama ambaye Annick anatakiwa kumjua leo.

Sasa naweka muziki wa dakika nne. Ukiisha, nataka uwe umeshakaa kitandani kwake na umeshamwambia.